Bukavu: Pedali ya freni ikilegea, usingoje mteremko wa Ngomo ukufundishe

Mjini Bukavu, asubuhi kunapokucha, ni kawaida kumuona dereva akiingia katika gari yake, akikanyaga pedali ya freni mara mbili, tatu, hata nne, mpaka aisikie imekuwa ngumu chini ya mguu, ndipo anaondoka. Wengine wanafanya hivyo kwa miezi mingi. Gari inasimama, abiria hawajui lolote, kazi inaendelea. Lakini pedali inayoomba kupompe kila mara inasema wazi kwamba kuna kitu kimelegea, kimechakaa ama kinavuja. Kupompe hakuiponyi. Kunaficha ugonjwa tu.

Hatari ya ugonjwa huo haionekani sana mahali palipo tambarare. Inaonekana kwenye miteremko, na huku kwetu miteremko ndiyo barabara yenyewe. Bukavu imejengwa juu ya vilima, kutoka Kadutu hadi ukingo wa ziwa. Anayesafiri kwenda Uvira kwa barabara ya kitaifa namba 5 anapita Nyangezi, anaingia katika milima ya Ngomo, kisha anashuka mpaka Kamanyola na uwanda wa Ruzizi. Ziwa Kivu liko karibu mita 1 460 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 773. Kati ya maziwa hayo mawili kuna tofauti ya karibu mita 700, na gari inapaswa kuishuka yote, huku bonde likiwa upande mmoja na ukuta wa mlima upande mwingine. Katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, wanaotoka Kanyabayonga kushuka Rwindi, pamoja na wanaoishi kwenye vilima vya Butembo, wanajua vizuri tunasema nini.

Habari njema ni kwamba pedali iliyolegea inaweza kupimwa nyumbani, katika kiwanja, kwa dakika tano, bila mashine yoyote. Mara nyingine inaweza pia kutengenezwa hapohapo, kwa kle mbili na turnevisi. Mara nyingine, kipimo hicho kinakuambia jambo moja tu: gari hiyo isitoke mpaka fundi aione. Kujua tofauti ya hali hizo mbili ndiyo kazi kubwa.

Mguu mmoja unasimamisha vipi gari nzima?

Katika magari madogo mengi yanayotembea huku kwetu, pedali haivuti waya unaokwenda kwenye magurudumu. Inasukuma mafuta. Mguu unakanyaga pedali. Pedali inasukuma fimbo fupi ya chuma. Fimbo inaingia katika silinda kuu ya freni, ile iliyo chini ya bokali ndogo ya mafuta ya freni, karibu na mota. Kutoka hapo mafuta yanasukumwa ndani ya tiyo nyembamba mpaka kwenye kila gurudumu. Mbele, mara nyingi, yanasukuma plakete zinazobana disiki. Nyuma, katika magari mengi, yanasukuma garnitiri ndani ya tamburi.

Kanuni inayofanya kazi hapo ilielezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: ukisukuma maji ama mafuta yaliyofungiwa mahali, msukumo unafika kila upande kwa nguvu ileile. Mafuta hayabonyei. Hewa inabonyea. Ndiyo maana povu dogo la hewa ndani ya tiyo linatosha kuifanya pedali iwe laini kama godoro: unakanyaga, hewa inabonyea, na plakete hazipati nguvu yote.

Pedali yenyewe ni wenzo. Inazidisha nguvu ya mguu wako mara 4 hadi 6. Baada yake kuna lile duara kubwa la bati nyuma ya silinda kuu, mafundi wanaliita servo, ambalo linatumia mvuto wa hewa wa mota kuongeza nguvu nyingine. Kwa hiyo mchezo mdogo wa milimita chache kwenye fimbo ama kwenye pini unageuka kuwa safari ndefu chini ya mguu wako.

“Kulegea” kuna maana nne

Dereva akifika garajini na kusema pedali imelegea, fundi mzuri hafungui kitu kwanza. Anauliza: imelegea namna gani? Maana ugonjwa si mmoja.

Ya kwanza: pedali inacheza. Inayumba kushoto na kuume, inagonga, inapiga kelele, lakini ukiikanyaga freni inashika vizuri. Hapo mara nyingi tatizo ni la vyuma: pini iliyochakaa, kipande cha plastiki kilichoisha, buloni iliyolegea.

Ya pili: pedali inakwenda chini sana mbele ya kushika, lakini ukiikanyaga mara ya pili haraka inasimama juu. Mara nyingi hiyo ni garnitiri za nyuma zilizoisha ama zilizo mbali na tamburi. Mafuta yanatumika kwanza kujaza nafasi hiyo.

Ya tatu: pedali ni laini, inarudisha mguu kama mpira. Hiyo ni hewa ndani ya tiyo, ama tiyo ya mpira iliyozeeka inayovimba kila unapokanyaga.

Ya nne, na ndiyo ya kuogopa: pedali inashika, lakini ukiendelea kuikanyaga inazama polepole mpaka chini. Hapo mafuta yanapita mahali yasipopaswa kupita. Ama yanamwagika nje, ama mipira ya ndani ya silinda kuu imeisha na haizuii tena.

Kipimo cha dakika tano

Simamisha gari mahali tambarare. Vuta freni ya mkono, weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu, zima mota.

Anza na mikono. Ondoa mazulia ya chini ya miguu, na uangalie kama hakuna chupa ama kiatu kilichojificha nyuma ya pedali. Mambo madogo kama hayo yamekwisha kuzuia pedali kushuka. Inama, washa taa ya simu, shika pedali na uitikise kushoto na kuume, kisha juu na chini. Milimita chache za mchezo mbele ya fimbo kuanza kusukuma ni kawaida, tena ni lazima. Lakini ukisikia “tok-tok”, ama ukiona pini inatembea ndani ya tundu lake, umeshapata sehemu ya kuangalia.

Sasa tumia mguu. Mota ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara tano ama sita mpaka iwe ngumu. Ikanyage kwa nguvu ya kawaida na uishike hivyo kwa nusu dakika. Ikibaki pale pale, ni dalili nzuri. Ikizama polepole, acha kufikiria safari.

Bila kuondoa mguu, washa mota. Pedali inapaswa kushuka kidogo, kama vile mtu amekusaidia kuikanyaga. Wengi wanashtuka hapo na kudhani gari imeharibika. Kinyume chake, hiyo ndiyo servo inayofanya kazi. Pedali ikibaki ngumu kama jiwe, servo ama tiyo yake ya hewa ina shida.

Mwisho, tumia macho. Fungua kapo na uangalie bokali. Mafuta yanapaswa kuwa kati ya alama za MIN na MAX. Yakiwa yameshuka, kuna sababu mbili tu za kawaida: plakete zimechakaa, kwa hiyo mafuta yamefuata pistoni mpaka kwenye gurudumu, ama kuna mahali yanavuja. Zunguka gari na uangalie upande wa ndani wa kila gurudumu, tiyo za mpira, na ukuta ulio juu ya pedali ndani ya gari. Sehemu yenye unyevu wa mafuta na vumbi lililoganda inasema yenyewe.

Kazi ya kwanza ya nyumbani: pini na vyuma vya pedali

Ikiwa shida ni mchezo wa vyuma, kazi hii inaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye subira. Pale pedali inapokutana na fimbo ya silinda kuu kuna pini moja, nayo inazuiwa isitoke na gupiye ndogo ya chuma. Ondoa gupiye kwa pensi, toa pini, ipitishe kidole. Ukisikia imechimbika katikati, imekwisha. Angalia pia tundu la pedali: likiwa limepanuka na kuwa kama yai, pini mpya peke yake haitatosha, na itafaa kubadilisha pedali yenyewe.

Juu kidogo kuna mhimili ambao pedali inazungukia. Ndani yake kuna vipande vidogo vya plastiki ama shaba. Vikiisha, pedali inayumba. Ni piesi ndogo, ya bei ya chini, na wauzaji wa piesi wanaweza kuipata wakiona ile ya zamani. Kwa hiyo peleka ile ya zamani mkononi. Unaporudisha, paka grisi kidogo, kaza ekru, kisha weka gupiye mpya.

Hapa kuna onyo. Gupiye ikipotea, watu wengi huweka msumari ama waya wa kufungia. Msumari haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Unajipinda, unakatika, na siku utakapotoka pale, pedali na fimbo vitaachana. Hapo unaweza kuwa na mafuta mazuri, plakete mpya na disiki mpya, na bado ukakanyaga hewa tupu.

Onyo la pili linahusu urefu wa fimbo. Fimbo hiyo ina ekru inayoruhusu kuirefusha. Mtu anayetaka pedali ipande juu anaweza kushawishika kuirefusha mpaka mchezo wote uishe. Hilo ni kosa la hatari. Ule mchezo mdogo unairuhusu silinda kuu irudi nyuma kabisa na kufungulia mafuta njia ya kurudi katika bokali. Ukiuondoa, mafuta yanabaki yamefungiwa. Gari ikitembea, freni zinapata joto, mafuta yanapanuka, na freni zinaanza kujishika zenyewe. Pedali iliyo chini kwa sababu ya garnitiri haiponywi kwa kurefusha fimbo.

Ukimaliza, mwambie mtoto ama jirani asimame nyuma ya gari. Taa za freni zinapaswa kuwaka unapokanyaga na kuzimika unapoachilia. Kitufe chake kiko karibu sana na pedali na kinaweza kusogea wakati wa kazi.

Kazi ya pili: garnitiri za nyuma

Pedali inayopanda ukiikanyaga mara ya pili inakupeleka nyuma ya gari. Magari mengi yenye tamburi yana kifaa kinachosogeza garnitiri chenyewe kadiri zinavyoisha, lakini kwa vumbi na matope ya barabara zetu kifaa hicho kinashika kutu na kuacha kazi.

Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe pande zote mbili, kisha inua nyuma kwa kriki. Kriki inainua tu, haishikilii. Weka chini ya gari stendi ya chuma ama gogo nene la mti lililo imara, na usiingize kichwa chini ya gari inayoshikiliwa na kriki peke yake. Achilia freni ya mkono. Nyuma ya tamburi, katika magari mengi, kuna tundu dogo lililozibwa na mpira. Ndani yake kuna gurudumu dogo lenye meno kama nyota. Lizungushe kwa turnevisi mpaka gurudumu la gari liwe gumu kuzunguka, kisha lirudishe polepole mpaka lizunguke huru, likisugua kidogo sana. Fanya vilevile upande wa pili, kwa kipimo kilekile, ili gari isivutwe upande mmoja unapofunga freni.

Ukilazimika kutoa tamburi na kukuta garnitiri zimebaki nyembamba, ama zimelowa mafuta, usizisafishe ili zirudi kazini. Badilisha zote mbili za kushoto na zote mbili za kuume. Na vumbi lililo ndani usilipulize kwa mdomo wala kwa pompi. Garnitiri za zamani nyingine zilitengenezwa na amianti, ambayo inaharibu mapafu. Lifute kwa kitambaa chenye maji.

Kazi ya tatu: kutoa hewa

Kazi hii inahitaji watu wawili, tiyo ndogo ya plastiki inayoonekana ndani, chupa, kle inayokaa vizuri, na mafuta mapya ya freni. Mmoja anakaa kwenye pedali, mwingine kwenye gurudumu.

Kwa kawaida mtu anaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Hapa inafaa kuwa makini. Kongo tunatembea upande wa kuume wa barabara, lakini magari mengi ya mashariki yanatoka Japani yakiwa na volani upande wa kuume pia. Katika gari hizo silinda kuu mara nyingi iko kuume, kwa hiyo gurudumu la mbali ni la nyuma kushoto. Gari yenye volani kushoto inaanza nyuma kuume. Aina nyingine za magari zina utaratibu wao. Kitabu cha gari kikiwapo, kifuate hicho.

Ingiza tiyo kwenye kizibo cha kutolea hewa, weka mwisho wake ndani ya chupa yenye mafuta kidogo. Aliye ndani anakanyaga polepole na kushikilia. Aliye nje anafungua kizibo robo ya mzunguko. Mafuta na mapovu yanatoka. Anakifunga kwanza, ndipo aliye ndani anaachilia mguu. Akiachilia mapema, hewa inarudi ndani na kazi inaanza upya. Mnaendelea mpaka mafuta yatoke bila povu, kisha mnahamia gurudumu linalofuata. Kila baada ya mara chache angalieni bokali. Ikikauka, silinda kuu itanyonya hewa na kila mlichofanya kitakuwa bure.

Katika gari ya zamani, weka kipande cha mbao chini ya pedali ili isifike mwisho kabisa. Ndani ya silinda kuu, sehemu ambayo pistoni haifiki siku zote huwa na kutu. Mipira ikisukumwa mpaka huko inakatwa, na utamaliza kazi ukiwa na ugonjwa mkubwa kuliko ule wa mwanzo. Gari yenye ABS, hewa ikiingia katika mashine yake, inaweza kuhitaji kompyuta ya garaji.

Mafuta ya freni si mafuta yoyote

Kwenye kifuniko cha bokali kumeandikwa aina ya mafuta: mara nyingi DOT 3 ama DOT 4. Hayo yana tabia moja ambayo kila dereva wa milimani anapaswa kuijua: yananyonya unyevu wa hewa. DOT 3 mapya yanapaswa kustahimili angalau nyuzi 205 mbele ya kuchemka. Yakishanyonya maji, kiwango hicho kinashuka mpaka 140. Kwa DOT 4 ni nyuzi 230 yakiwa mapya, na 155 yakiwa na maji. Ndiyo maana watengenezaji wengi wa magari wanashauri kuyabadilisha kila miaka miwili hivi, hata kama bokali imejaa. Chupa iliyokaa wazi dukani ama nyumbani si mapya tena.

Tupige hesabu ndogo. Gari ya kilo 1 500 inayoshuka mita 700 inapaswa kupoteza nguvu inayotosha kuchemsha karibu lita 30 za maji baridi, yaani bidoni moja ya manjano na nusu. Upepo na mota vinachukua sehemu yake. Sehemu inayobaki inageuka joto ndani ya disiki na tamburi. Dereva aliyetoa vitesi ili abanie mafuta ya mota anaibebesha freni karibu mzigo wote. Mafuta yenye maji yanachemka, mvuke unajaa kwenye tiyo, na pedali iliyokuwa nzuri Bukavu inazama katikati ya Ngomo. Gari ikipoa, mvuke unageuka maji tena, pedali inarudi juu, na mwenye gari anaapa kwamba haina kitu. Ugonjwa huo unajificha, haujapona.

Dawa za njiani ambazo si dawa

Kila anayesafiri barabara zetu amesikia ama ameona mambo haya. Bokali imekauka, dereva anaongeza maji ya sabuni. Ama anaongeza mafuta ya mota. Maji yanachemka mapema na kutia kutu ndani ya silinda. Mafuta ya mota yanavimbisha mipira yote ya freni, kutoka silinda kuu hadi kwenye magurudumu, na baadaye hakuna kuosha kutakakoiponya, lazima kubadilisha. Aliyebania chupa moja ya mafuta ya freni ananunua freni nzima.

Dawa nyingine ni kukunja ama kufunga tiyo ya gurudumu linalovuja ili gari iendelee na magurudumu matatu. Gari hiyo inaweza kuvutwa upande mmoja kila unapokanyaga, na kwenye barabara yenye bonde, upande huo unaweza kuwa ndio wa bonde. Magari mengi yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1970 yana njia mbili tofauti za mafuta, ili moja ikikatika nyingine ibaki na nguvu ya kusimamisha gari. Njia hiyo ya pili imewekwa ili usimame na uombe msaada. Haikuwekwa ili umalize safari.

Kazi ya kumuachia fundi

Pedali inayozama polepole, servo isiyosaidia, tiyo ya chuma iliyotobolewa na kutu, pistoni iliyokwama: hizo ni kazi za fundi mwenye vifaa na piesi za kweli. Mwenye gari aliyepima nyumbani anakuwa na faida hata hapo. Hafiki garajini akisema “freni mbaya” na kumuachia mwingine afungue kila kitu. Anasema: inazama baada ya sekunde kumi, bokali imejaa, sioni mafuta nje. Fundi anayemsikia anajua mara moja kwamba silinda kuu ndiyo ya kuangaliwa kwanza, na ni vigumu kumbadilishia mteja huyo plakete ambazo zilikuwa bado nzima.

Ikikukuta ukiwa tayari mteremkoni

Usizime mota: ukiizima unapoteza msaada wa servo na volani inakuwa nzito. Kanyaga pedali haraka haraka mara nyingi. Hapo ndipo kupompe kuna maana, kutafuta nguvu iliyobaki. Shusha vitesi moja baada ya nyingine ili mota ishike gari. Vuta freni ya mkono kidogo kidogo, maana ukiivuta yote kwa mara moja magurudumu ya nyuma yanaweza kuteleza. Piga honi, washa taa za hatari. Na ukilazimika kugusa kitu, sugua gari kwenye ukuta wa mlima, mbali na bonde.

Bora isifike hapo. Baada ya kazi yoyote ya freni, jaribu kwanza gari ikiwa imesimama, kisha kwa mwendo wa mtu anayetembea, mahali tambarare, bila abiria. Rudia asubuhi ifuatayo. Pedali ikiwa juu na ngumu kwa mkanyago wa kwanza, unaweza kupanda Nyangezi. Kushuka Ngomo, weka vitesi ya chini tangu mwanzo wa mteremko, uiache mota ifanye kazi, na freni uiguse kwa vipindi, ipate muda wa kupoa.

Abiria anayeketi nyuma hana namna ya kujua hali ya pedali. Analipa, anapakata mtoto wake, anaangalia dirishani. Anayeijua ni mmoja tu ndani ya gari, yule ambaye mguu wake unaigusa. Akiisikia imelegea asubuhi kiwanjani, hapo ndipo pa kuitengeneza.